Zilitengenezwa ngapi? Kukadiria idadi ya redio za zamani kwa nambari zake

Redio ya zamani ikitolewa sokoni siku hizi, muuzaji huwa na sifa moja tu: "Hizi zilitengenezwa chache." Ukimuuliza chache ngapi, kila mmoja ana lake. Hapa Nakuru nimesikia redio ya aina moja ikisemwa asubuhi kuwa zilitoka 500 dunia nzima, na alasiri, kwenye meza ya pili, kuwa zilikuwa 5,000. Bei nayo hufuata mdomo. Anayeumia ni mnunuzi, au ni yule mjane anayeuza redio ya marehemu mumewe bila kujua anauza nini.

Jibu la swali hilo mara nyingi linaweza kukaribiwa bila kumtegemea muuzaji wala kuiandikia barua kampuni iliyokwisha kufa. Liko mgongoni mwa redio yenyewe, katika nambari ya mfululizo. Hesabu yake ni ya kujumlisha na kugawanya tu. Kazi iko katika kujua nambari hizo zimetoka wapi na zimekufikia kwa njia gani. Mimi ni mtu wa Pwani niliyeletwa Nakuru na kazi ya ufundi redio, na kila redio inayopita mezani pangu huiandika nambari daftarini. Nimejifunza kwamba daftari la Nakuru peke yake laweza kudanganya, na ndiyo sababu naandika kwa wenzangu wa Lamu, Malindi, Mombasa na Kwale.

Redio zilivyofika Bonde la Ufa

Reli kutoka Mombasa ilifika Nakuru mwaka 1900, na nyuma yake wakaja walowezi wa Kizungu waliochukua ardhi Njoro, Molo, Naivasha na kwingineko. Matangazo ya redio yalipoanza Nairobi mwaka 1928, yalikuwa ya Kiingereza na yaliwalenga watu hao. Redio za awali zilikuwa za vali, yaani vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani kama taa. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili jeshi la anga la Uingereza lilikuwa na kituo cha mafunzo Nakuru, na mitambo ya mawasiliano ya kijeshi ikawa sehemu ya mji.

Transista ndiyo iliyoifikisha redio kwa mwananchi. Ilikuwa ndogo, haikuhitaji stima, ilikula mawe tu. Mawe hayo yakatengenezwa papa hapa: kiwanda cha Union Carbide kilianzishwa Nakuru mwaka 1967, baadaye kikaitwa Eveready East Africa, na watu wengi wanaikumbuka alama yake ya paka. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mawe yenye jina hilo yakawa yanaletwa kutoka Misri.

Mtu aweza kufikiri kwamba ukijua idadi ya mawe yaliyouzwa utajua idadi ya redio. Haiwezekani. Jiwe lilelile lilitiwa kwenye tochi ya mlinzi na kwenye redio ya mkulima, na jiwe halina nambari yake pekee. Redio inayo. Kila moja ilipotoka kiwandani ilipewa nambari isiyo ya mwenzake, na nambari hiyo ndiyo ushahidi tulio nao.

Hesabu iliyozaliwa vitani

Njia hii ilipata sifa katika vita hivyohivyo. Waingereza na Wamarekani walitaka kujua Ujerumani inaunda vifaru vingapi kwa mwezi. Majasusi walileta makadirio makubwa ya kutisha. Wanatakwimu wao walichukua vifaru vilivyotekwa au kuharibiwa, wakasoma nambari zilizogongwa kwenye giaboksi, injini na sehemu nyingine, wakapiga hesabu. Kwa Juni 1941 majasusi walisema vifaru 1,550. Hesabu ya nambari ikatoa 244. Kwa Agosti 1942 majasusi walisema tena 1,550. Hesabu ikatoa 327. Vita vilipokwisha, kumbukumbu za Wajerumani wenyewe zilionyesha 271 kwa mwezi ule wa kwanza na 342 kwa wa pili. Watu wawili, Richard Ruggles na Henry Brodie, walichapisha maelezo ya kazi hiyo mwaka 1947.

Tuilete hesabu hiyo shambani kwetu. Chukua shamba la minazi ambalo kila mnazi umeandikwa nambari, kuanzia 1 hadi wa mwisho, na kila nazi imeandikwa nambari ya mnazi wake. Wewe hulioni shamba. Umeletewa nazi tano tu kutoka minazi mbalimbali, bila kuchaguliwa. Nambari kubwa uliyoiona haielekei kuwa ya mnazi wa mwisho. Baada yake ipo mingine. Mingapi? Kwa wastani, ni kama nafasi iliyopo kati ya nambari moja na nyingine katika zile ulizopata. Basi unachukua nambari kubwa, unaongeza nafasi hiyo.

Kanuni ni hii: chukua nambari kubwa kuliko zote. Igawanye kwa idadi ya nambari ulizo nazo. Jumlisha jibu hilo na ile nambari kubwa. Toa 1.

Tuseme, kwa mfano wa kujifunzia tu, umeona redio tano za modeli moja zenye nambari 412, 1,130, 1,875, 2,604 na 3,390. Kubwa ni 3,390. Ukigawanya kwa 5 unapata 678. Jumla ni 4,068. Toa 1, unabaki na 4,067. Hilo ndilo kadirio lako.

Kadirio lina ukingo wake

Asije mtu akaenda sokoni akasema "zilitengenezwa 4,067" kana kwamba amesoma daftari la kiwanda. Ukingo wa chini ni rahisi: ikiwa nambari zilianza 1 na hazikurukwa, redio hazikupungua 3,390, kwa kuwa umeiona yenye nambari hiyo. Ukingo wa juu unategemea umeona redio ngapi. Zidisha nambari yako kubwa kama ifuatavyo, nawe utapata kiwango ambacho, mara 19 kati ya 20, idadi halisi haitakipita:

Ukiwa na nambari 1, zidisha kwa 20.
Ukiwa na nambari 2, zidisha kwa 4.5.
Ukiwa na nambari 3, zidisha kwa 2.7.
Ukiwa na nambari 5, zidisha kwa 1.8.
Ukiwa na nambari 10, zidisha kwa 1.35.
Ukiwa na nambari 20, zidisha kwa 1.16.

Katika mfano wetu wa redio tano, ukingo wa juu ni karibu 6,100. Kwa hiyo maneno ya haki ni haya: "Hazikupungua 3,390, yaelekea zilikuwa kama 4,000, na si rahisi kuwa zilizidi 6,100." Tazama pia tofauti ya mstari wa kwanza na wa mwisho. Mwenye redio moja hajui karibu lolote. Mwenye nambari 20 ameshajua jambo la maana. Kila nambari inayoongezwa daftarini inaubana ukingo.

Mitego

Hesabu haina kosa. Makosa hutoka katika nambari zinazolishwa. Mitego niliyoiona mezani ni hii.

Mwanzo usio 1. Viwanda vingi havikupenda kuonekana vichanga, wakaanza kuhesabu kwenye 1,001 au 10,001. Ukiona nambari zako zote ziko mbali na sifuri, shuku. Hapo tumia kanuni ya pili: toa nambari ndogo kutoka kwa kubwa, zidisha tofauti kwa idadi ya redio ukiongeza moja, gawanya kwa idadi ya redio ukipunguza moja, kisha toa 1. Tuseme umeona redio tano, ndogo ikiwa 10,212 na kubwa 13,190. Tofauti ni 2,978. Mara 6 ni 17,868. Gawanya kwa 4, ni 4,467. Toa 1, ni 4,466. Ukitumia kanuni ya kwanza hapa ungepata 15,827, zaidi ya mara tatu ya hilo.

Mlolongo mmoja, modeli nyingi. Kuna viwanda vilivyogonga nambari kwa kufuata mkanda wa kazi bila kujali modeli. Redio ya mezani ikapata 700, ya kubeba mkononi ikapata 701. Ukipiga hesabu hapo utapata idadi ya redio zote za kiwanda, wala si ya modeli yako. Dalili yake ni modeli mbili za umri mmoja ambazo nambari zake zinaingiliana bila kugongana.

Mlolongo unaoanza upya. Kinyume chake kipo pia, hasa katika mitambo ya jeshi. Mtambo wa Kiingereza ulioitwa Wireless Set No. 19 ulitengenezwa Uingereza, Kanada na Marekani, na mingi ya Kanada ina maandishi ya Kirusi pamoja na ya Kiingereza, kwa kuwa mingine ilikusudiwa kupelekwa kwa jeshi la Kisovieti. Mitambo ya viwanda mbalimbali usiimwage kikapu kimoja. Soma bamba lote: mtengenezaji, namba ya oda, mwaka, kisha ndipo nambari ya mfululizo. Tenga kila mtengenezaji na kila oda, piga hesabu ya kila fungu, halafu jumlisha mafungu.

Jina moja, viwanda mbalimbali. Redio za National zilitoka Japani, lakini kampuni ya Matsushita ilikuwa pia na kiwanda Dar es Salaam tangu miaka ya 1960. Philips nayo ilikuwa na kiwanda Arusha. Tafuta maandishi ya nchi iliyotengeneza kabla ya kuandika nambari. Na hapa Nakuru kuna jina lenye kuchanganya zaidi. Mwaka 1949 kampuni ya Ever Ready ya Uingereza ilianza kutengeneza redio ya vali na mawe kwa ajili ya Waafrika wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kwa juhudi za Harry Franklin, mkuu wa idara ya habari mjini Lusaka. Iliwekwa ndani ya sufuria ya alumini iliyopakwa rangi ya buluu, ikauzwa pauni 5. Mtu akiiona redio hiyo Nakuru aweza kudhani ilitoka kwenye kiwanda cha paka. Haikutoka huko: Ever Ready ya Uingereza na Eveready ya Kimarekani zilikuwa zimeachana tangu zamani, na kiwanda cha Nakuru kilitengeneza mawe, hakikutengeneza redio.

Mgongo wa kuazima. Sisi mafundi ndio tunaoharibu ushahidi. Redio mbili zilizokufa huzaa moja iliyo hai, na kifuniko cha nyuma chenye nambari hubaki na yoyote kati yake. Kama nambari iko kifunikoni na pia kwenye chasisi, andika zote mbili. Zikitofautiana, fuata ya chasisi.

Redio moja kuhesabiwa mara mbili. Redio hutembea. Iliyokuwa kwa fundi wa Gilgil mwezi jana yaweza kuwa kwangu leo. Nambari ikijirudia, ni redio ileile. Ihesabu mara moja.

Mtego mkubwa: shehena moja

Nimeuacha huu mwisho kwa sababu ndio unaowagusa nyinyi wasomaji. Kanuni yote imesimama juu ya sharti moja: redio ulizoziona ziwe zimetawanyika katika mlolongo wote, bila kupendelewa sehemu yoyote. Bara sharti hilo huvunjika kirahisi. Meli ilitia nanga Kilindini, redio zikashushwa, mwingizaji akagawa makatoni kwa wenye maduka, na mwenye duka wa Nakuru akapata makatoni yanayofuatana. Redio hizo ndizo zilizouzwa Nakuru, Njoro, Rongai na Subukia, na ndizo zinazorudi mezani kwangu miaka 50 baadaye.

Tuseme nina redio tisa za modeli moja, nambari zake zote ziko kati ya 21,040 na 21,310. Kanuni ya kwanza itaniambia zilitengenezwa 23,677, nami nitajiona mjuzi. Lakini redio tisa zilizobanana katika nafasi ya 270, ilhali mlolongo unazidi 21,000, haziwezi kuwa zimetawanyika kwa bahati. Zimetoka shehena moja. Kanuni ya pili inatoa takriban 340, na hiyo ndiyo habari ya kweli: ni ukubwa wa shehena iliyofika huku. Kuhusu kiwanda, redio zangu tisa zina uzito wa redio moja.

Sasa msomaji mmoja wa Malindi aniletee 8,400, na mwingine aliye na jamaa Unguja aniletee 39,700. Kwa nambari mbili tu, kadirio langu la 23,677 limevunjika. Nachukua moja kwa niaba ya Nakuru, naongeza zile mbili, zinakuwa tatu. Kubwa ni 39,700. Gawanya kwa 3, ni 13,233. Jumlisha na utoe 1, ni 52,932. Ukingo wa juu ni takriban 107,000. Ni kadirio pana, lakini linasema kweli, na lile la kwanza lilikuwa jembamba na la uongo. Nambari mbili za kutoka mbali zilishinda tisa za jirani.

Kwa nini ijulikane

Kuna faida ya mfukoni: anayejua kwamba redio fulani zilitoka kwa maelfu hatatozwa bei ya adimu, na anayejua kwamba yake ni ya mlolongo mfupi hataitoa kwa bei ya bati. Lakini iko faida kubwa zaidi. Historia ya utangazaji wa Kiswahili huandikwa kwa upande wa vituo. Tunaambiwa Sauti ya Unguja na Sauti ya Dar es Salaam zilianza 1951, Radio Cairo ikaanza Kiswahili 1954, BBC ikafuata 1957, Sauti ya Kenya ikapata jina hilo 1964. Tarehe zote hizo ni za msemaji. Za msikilizaji hazipo. Redio zilizofika kweli mikononi mwa watu zilikuwa ngapi, na zilifika wapi kwanza? Redio moja barazani ilisikilizwa na mtaa mzima, kwa hiyo tofauti ya redio 300 au 3,000 katika wilaya ni tofauti kubwa ya masikio. Nambari za mgongoni hazitatupa jibu lote, lakini ni ushahidi usiotegemea kumbukumbu za serikali wala majisifu ya kampuni.

Na ushahidi huo unapungua kila wiki. Wanunuzi wa skrapu hawasomi nambari; wanapima kwa kilo. Redio ikishapondwa ili kutoa shaba na alumini, nambari yake imekwenda. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee, na hapa hata mali yenyewe haihitaji kubaki. Ukitaka kuiuza redio ya babu, iuze. Nambari yake tu ndiyo ibaki.

Namna ya kuandika

Chomoa waya kwenye stima kwanza, au toa mawe. Redio ya vali ina umeme mkali unaobaki ndani hata baada ya kuzimwa, kwa hiyo asiye fundi asifungue. Asome yaliyo nje tu. Kisha andika mambo haya:

Chapa na modeli, kama zilivyoandikwa, herufi kwa herufi.
Nambari ya mfululizo yote, pamoja na herufi zake na sifuri za mbele. Usizifute ukidhani hazina maana. Herufi moja yaweza kuwa mwaka au kiwanda.
Nambari ilipo: kifunikoni, kwenye chasisi, au kwenye karatasi iliyogandishwa ndani.
Nchi iliyotengeneza.
Mji ambako redio ilinunuliwa mara ya kwanza, na mwaka kama unajulikana. Huu si lazima uwe mji ilipo leo. Risiti ya duka au leseni ya redio ikiwapo, ipige picha.
Tarehe uliyoandika.

Nambari yenyewe bila mji wa kununuliwa ina thamani nusu, kwa kuwa mji ndio unaotusaidia kutenga shehena. Redio iliyonunuliwa Mombasa mwaka 1962 ikasafiri na mwenyewe hadi Nakuru ni ya Mombasa, popote ilipofia.

Usingoje kuwa na nyingi. Redio moja ya Faza au ya Vanga, iliyoshuka kwa meli nyingine na kuuzwa na duka jingine, itaniambia mengi kuhusu kiwanda kuliko redio kumi zaidi kutoka Nakuru.